Verediana na Pedali ya Kijani

Jumamosi ile Eliamani alimzima Verediana mara tatu mbele ya wageni, na mara ya tatu alifanya hivyo huku anacheka.

Walikuwa wakipiga muziki kwenye hoteli moja ya kitalii, kando ya barabara inayopanda Ngorongoro. Bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu tu: Eliamani kwenye kinanda, Inosenti kwenye dramu, na Verediana kwenye gitaa la umeme. Kila ilipofika zamu ya Verediana kupiga solo, Eliamani hakupunguza kinanda. Alikijaza mikono miwili, besi huku, vinubi kule, mpaka gitaa likazama. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa mbele alikuwa anatazama vidole vya Verediana vikikimbia kwenye nyuzi, asisikie kitu. Uso wa yule mzee ukajaa huruma. Verediana aliichukia huruma ile kuliko kicheko cha Eliamani.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, Mwiraqw wa Rhotia, mtoto wa Piusi, mkulima wa mahindi na maharage. Mchana alishona sare za shule kwenye kibanda chake hapo Karatu mjini. Gitaa alifundishwa na mjomba wake Mathias, aliyewahi kupiga na bendi moja Arusha, na mjomba alipofariki alimwachia gitaa lenyewe pamoja na ampu yake ya kukuzia sauti. Ilikuwa ampu ya zamani, yenye taa za kioo ndani ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo itoe sauti. Ilikuwa nzito kama gunia la mbaazi. Mwanaume mmoja wa Buger aliyekuja kumposa alimwambia mke hawezi kushinda anabeba makabati ya umeme. Verediana akamwonyesha mlango, na ile ampu akabaki nayo.

Usiku huo, wakikunja waya, Eliamani alianza.

"Dada Vere, hilo kabati la marehemu limechoka. Kinanda changu kina sauti ya gitaa humu ndani. Nabonyeza tu."

"Bonyeza basi, tukusikie."

"Nitabonyeza. Meneja nimeshaongea naye."

Na kweli alikuwa ameongea naye. Angelina, meneja, alimwita Verediana pembeni. "Mimi muziki siujui," alisema. "Ninachojua, nikikaa mapokezi nasikia kinanda na dramu. Wewe sikusikii. Nakupa Jumamosi mbili. Nisipokusikia, watabaki wawili."

Verediana hakulala vizuri. Jumatatu asubuhi alifunga kibanda, akapakia gitaa na ampu kwenye bajaji, akaenda kwa Lembris.

Lembris alikuwa Mmasai wa Enguserosambu, fundi wa redio na spika za makanisa, na mdomo wake ulikuwa unajulikana mji mzima. Watu walimpelekea vitu vyao kwa sababu alivitengeneza vikapona, si kwa sababu walipenda kumwona.

"Nataka pedali," Verediana alisema.

"Ya cherehani? Duka lile pale."

"Ya gitaa. Ya kukanyaga wakati wa solo, sauti ipande."

Lembris alimtazama, akaitazama ampu, akaguna. Alivuta boksi chini ya meza na kutoa pedali tatu alizonunua kwa bendi iliyovunjika Moshi: nyeusi, nyeupe na ya kijani. "Washa dude lako, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimasai. "Piga kama unavyopiga hotelini. Usinidanganye."

Verediana aliwasha, akasubiri taa zipate moto, kisha akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, kama alivyofanya siku zote. Akapiga. Gitaa likatoka nene, lenye mikwaruzo. Fundi akaunganisha pedali nyeusi. Verediana akakanyaga, na kibanda kizima kikanguruma. Damu ikamchemka.

"Hii!" alisema. "Hii hii. Nimzike nayo."

"Umzike nani?"

"Haikuhusu."

Lembris alichukua simu yake, akaiunganisha na spika kubwa, akaweka wimbo wa kwaya uliojaa kinanda. "Piga tena." Verediana akapiga, akakanyaga. Ule mngurumo wote ukageuka upepo tu nyuma ya kinanda. Alikanyaga mara ya pili kwa hasira, kana kwamba pedali ndiyo iliyomkosea.

"Jaribu nyeupe. Hiyo haina ujanja, inasukuma sauti ilivyo."

Alijaribu nyeupe. Sauti haikupanda hata kidole kimoja. Ilizidi kukwaruza tu.

"Mbovu," Verediana alisema. "Unauza takataka."

"Takataka ni masikio yako," Lembris akamjibu. "Ndoo ikishajaa, ukiongeza maji yanapanda? Yanamwagika. Taa za ampu yako umezijaza mpaka mdomoni, halafu unataka pedali isukume. Isukume kwenda wapi?" Akanyoosha mkono na kurudisha kile kitufe nyuma, mpaka nusu. "Sasa kanyaga."

Alikanyaga. Sauti ikaruka juu, safi. Verediana alikitazama kitufe. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kwenyewe kulimkera, kwa sababu maana yake ni kwamba Jumamosi angepaswa kuanza kwa sauti ndogo mbele ya Eliamani, na Eliamani angejua amesalimu amri.

"Siwezi kupunguza," alisema.

"Basi nenda nyumbani kashone."

Alibaki. Akaomba ya kijani. Hiyo, Lembris alisema, inasukuma sauti za katikati zaidi, haihangaiki na besi wala zile nyembamba za juu. Ilipopigwa peke yake ilikuwa mbaya kweli, kama mbuzi aliyebanwa pua. Verediana alikunja uso. Lakini fundi aliporudisha ile kwaya, gitaa lilipita katikati ya kinanda kama kisu. Kila noti ilisikika. Walirudia mara nne, mara nyeupe, mara kijani. Nyeupe ilikuwa tamu na ilisikika nusu. Kijani ilikuwa na sauti mbaya na ilisikika yote.

"Ukiwa peke yako nyeupe ndiyo nzuri," Lembris alisema. "Wewe uko peke yako?"

Verediana alichukua ya kijani. Hakumshukuru, na Lembris hakungoja kushukuriwa.

Jumamosi ilipofika, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka juu mpaka kwenye madirisha ya hoteli, na wageni walikuwa wamevaa makoti. Verediana aliweka ampu nusu. Eliamani aliona.

"Leo umeamua kunong'ona? Afadhali. Umejitambua."

Verediana alibana meno. Nyimbo mbili alipiga chini chini, akifuata tu, huku Eliamani akimkonyeza Inosenti kila mara. Wimbo wa tatu ulikuwa na solo. Eliamani alianza kujaza kinanda kama kawaida yake. Verediana akakanyaga.

Gitaa lilitoka. Halikuwa na kelele, lilikuwa tu hapo mbele, kila noti imesimama kwa miguu yake. Watu waliokuwa wakila wakainua vichwa. Angelina alitoka mapokezi na kusimama mlangoni na kalamu mkononi. Eliamani akaongeza kinanda, gitaa likabaki pale pale. Akaongeza tena mpaka spika zikaanza kutetemeka, na bado lilisikika. Akamgeukia Inosenti na kumpa ishara afunge wimbo. Inosenti aliiona, kila mtu aliona kwamba ameiona, lakini akatazama dramu zake na kuendelea.

Ndipo Eliamani akainama, akaushika waya wa ampu kwenye ekstensheni, akauchomoa.

Dramu ziliendelea kidogo, kisha nazo zikanyamaza. Verediana alisimama na gitaa lililokufa shingoni.

"Rudisha waya," alisema.

"Umeme umeleta shida," Eliamani aliwaambia wageni kwa Kiingereza, akitabasamu.

"Eliamani, rudisha waya."

"Hii ni bendi yangu, mama. Spika zangu, miksa yangu ya sauti. Hilo kabati lako limekuja kwa hisani."

Angelina alikuwa ameshafika. Verediana alimgeukia yeye. "Umenisikia?"

"Nimekusikia," Angelina alisema polepole. "Nimekusikia vizuri sana. Lakini sitaki ugomvi mbele ya wageni wangu. Spika ni zake. Mkayamalize wenyewe."

"Kwa hiyo kusikika kwangu hakuna maana."

Angelina alitazama kalamu yake. Verediana alivua gitaa, akalilaza kwenye boksi lake pamoja na pedali, akalitundika begani, akaikumbatia ampu ikiwa bado ya moto, na kuibeba kupita katikati ya meza. Mgeni mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango alisimama kumfungulia. Nje baridi ilimpiga usoni, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akiwa ameikalia ampu ya mjomba wake kwenye maegesho ya magari ya safari.

Wiki mbili baadaye Inosenti naye aliondoka. Alikuja kibandani kwa Verediana, akasimama mlangoni bila kuketi. "Nilipaswa kusema kitu siku ile," alisema.

"Ulipaswa."

"Basi nimechelewa. Kuna harusi Buger. Wanataka gitaa na dramu, kinanda hawataki."

Walienda wakapiga. Baada ya hapo wakaitwa kwingine, vipaimara, sherehe za kuagana na mabinti, na mara moja mkutano wa wafugaji Enguserosambu, ambako Verediana alipiga mpaka jenereta likaisha mafuta. Eliamani alibaki hotelini akibonyeza sauti ya gitaa kwenye kinanda. Kisha akaleta mpiga gitaa mwingine, na siku moja Verediana alimkuta Lembris akihesabu pedali kwenye boksi, kumbe ameshamwuzia Eliamani moja.

"Umemwuzia yule?" Verediana alipandisha sauti. "Baada ya yote?"

"Mimi ni fundi, si mahakama," Lembris alisema. Walitupiana maneno mpaka watu wa duka la jirani wakatoka kutazama. Mwezi mzima Verediana hakukanyaga pale; kisha taa moja ya ampu ikaungua, na hakukuwa na fundi mwingine wa kuiweka, akarudi. Lembris akaibadilisha.

Verediana na Eliamani hawasalimiani mpaka leo. Wakikutana mnadani kila mmoja hugeuka upande wake, na Karatu si mji mkubwa, watu wanaona. Mama yake Verediana, mtu wa kanisa, amemwambia zaidi ya mara moja kwamba chuki ni mzigo, na kwamba akamwone Eliamani wayamalize. Verediana humsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, huku mguu ukiwa kwenye cherehani.

"Bado, mama," humjibu, na kuendelea kushona.