Mita Arobaini na Moja Chini ya Ziwa

Saa moja asubuhi, barabara kuu ya Wath Ngege inapita duka la mwisho, inapita nguzo ya stima iliyoinama, kisha inaingia ziwani taratibu, bila kona wala alama ya kuonya. Lorine Aoko hasimami. Anavua raba zake, anazifunga kamba pamoja na kuzitundika begani, anapandisha sketi hadi magotini, kisha anaendelea na safari yake.

"Barabara bado iko hapa chini, naikanyaga," anamwambia mwandishi aliyebaki nchi kavu akivitazama viatu vyake kwa huruma. "Njoo tu. Usiende kushoto, huko kuna mtaro."

Na viboko je? Anacheka. Saa hizi wamelala kwenye mafunjo, anasema, na hata hivyo wao ni wageni tu hapa.

Lorine ana umri wa miaka 58. Ni msomaji wa mita za maji katika mji huu mdogo wa ufuoni, kilomita chache kutoka Asembo Bay. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka 26, na wenyeji wamemwita Mama Mita kwa muda mrefu hivi kwamba wapo watoto wasiojua ana jina lingine.

Leo ana kazi moja tu. Kabla ya saa saba mchana, lazima aifute mita ya mwisho kwenye orodha ya mita zilizomezwa na maji. Ameshafuta arobaini. Asipoifuta hii moja, ofisi ya wadi haitaipokea orodha, na familia zilizohamia kilimani Got Rao zitaendelea kuhesabiwa kuwa watu wenye maji ya bomba, ilhali hawana hata tone.

Maji yanapomfika magotini, mtumbwi unamsogelea. Anayepiga kasia ni jirani yake, Milka Atieno, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache. Lorine anapanda. Mwandishi naye anapandishwa, kwa kuvutwa mkono na kuchekwa kidogo.

Ziwa limetulia kabisa. Ukungu umelala juu ya maji hata huwezi kujua mbingu inaanzia wapi, na mtumbwi unakwenda polepole juu ya mji. Lorine anaonyesha kwa kidole, sauti yake ikiwa ya chini, ya mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Pale palikuwa na kinu cha unga. Pale palikuwa na hoteli ya chai ya Maryanne, na kiti cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa chake yeye Lorine, hakuna aliyekikalia. Pale ndipo watu walipokuwa wakisubiri gari la Kisumu. Mwandishi anachungulia na kuona maji tu, kijani na laini, na samaki wadogo wakipita mahali ambapo huenda palikuwa na mlango wa duka.

Kusoma mita ni kazi ya kutembea. Kila mwezi, Lorine alipita kwenye malango 163 ya Wath Ngege, akifungua kifuniko cha chuma, akipangusa kioo kwa kidole gumba, kisha akiandika nambari kwenye kitabu chake kirefu chenye jalada jeusi. Anajua kila sanduku la mita lina mpangaji gani. Hili lina chura, lile lina nyigu, na lile la karibu na ofisi ya chifu lina kenge mzee ambaye Lorine, kwa maneno yake mwenyewe, humpigia hodi kabla ya kutia mkono.

Mshahara wake ni shilingi 19,000 kwa mwezi. Kwa pesa hizo alisomesha mabinti wawili, na bado anatumia raba zilezile alizonunua mwaka juzi.

Mita nyingi za sehemu hii ya chini ziliwekwa na mumewe, Joram Oluoch, aliyekuwa fundi wa bomba wa ofisi hiyohiyo. Yeye aliweka, mkewe akasoma. Jioni walibishana juu ya mita ipi inakimbia na ipi inasuasua. Joram alifariki miaka tisa iliyopita, akazikwa nyumbani kwake, nyuma ya nyumba, kama inavyofanyika kwao.

Kisha ziwa likapanda. Huo ulikuwa mwaka 2020. Halikuja kwa kishindo, Lorine anasema. Lilifika uani, likarudi, likafika tena, na siku moja halikurudi. Asubuhi walikuta sufuria zikielea jikoni na vyura wakiimba chini ya kitanda. Familia arobaini na moja zikabeba mabati na milango yao, zikapanda Got Rao. Familia ya Lorine ilikuwa mojawapo. Kaburi la Joram likabaki chini.

Hapo ndipo Lorine alipofanya kosa lake, na halifichi.

Kwa utaratibu wa ofisi, mita isiyofanya kazi tena huandikwa "imefutwa", na jina la mteja hupigwa mstari mwekundu. Lorine alishika kalamu nyekundu mwezi ule wa kwanza, akaiweka chini. Katika miaka yote ya kazi, majina aliyoyapiga mstari yalikuwa ya watu waliokwisha kuzikwa. Hawa walikuwa hai. Alikutana nao kila siku, wakamsalimu.

"Sasa ningemfuta Milka aje, na tumetoka kunywa chai naye?" anauliza.

Basi akaandika nambari ileile ya mwezi uliotangulia. Matumizi: sifuri. Mwezi uliofuata, vivyo hivyo. Mita isiyotumia maji haidaiwi chochote, kwa hiyo hakuna aliyelalamika, na ofisini hakuna aliyeuliza. Kwa miaka mitano Lorine alisoma mita arobaini na moja ambazo hakuna mtu aliyeziona. Wakati mwingine, anakiri, alisimama pale barabara inapoingia majini, akafunga macho, akapita akilini kwenye malango yote moja baada ya jingine kabla ya kuandika. Alijihisi amewatembelea.

Juu kilimani, wakati huohuo, jerikeni moja ya maji iliuzwa shilingi 30. Wasioweza kununua walichota kwenye kinamasi. Mtoto wa mwisho wa Milka alilazwa mara mbili kwa kuhara, na mara ya pili mama yake alidhani hatarudi naye nyumbani.

Mambo yalifichuka Februari mwaka huu, kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti. Vikao hivyo watu wengi huenda kwa ajili ya soda na mkate, na asemaye sivyo anadanganya. Lakini siku hiyo watu wa Got Rao walijaa ukumbi wa kijamii kwa neno moja: bomba. Mhandisi wa maji, Bi Nakhumicha, mwanamke mpole mwenye miwani, aliwasikiliza wote, kisha akafungua karatasi zake na kusema hawezi kuelewa. Wath Ngege ina nyumba 163 zenye maji, na mita 163 zinasomwa kila mwezi. Mradi wa kupeleka bomba ungeenda kwingine, kwa watu ambao kweli hawana.

Milka alisimama akasema yeye hana maji. Mhandisi akatafuta jina lake, akalipata. "Mama, wewe una mita nambari 58," akamwambia. "Imesomwa mwezi uliopita."

Lorine alikuwa ameketi safu ya tatu. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na mtu anayeandika usomaji wa uongo kwenye kitabu cha serikali anaweza kufukuzwa na kupoteza kiinua mgongo chote. Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, lawama ikaenda kwa kompyuta, kama kawaida.

Alishika kiti cha mbele, akasimama. Kisha akasema, "Ni mimi. Hizo mita ziko ndani ya ziwa. Mimi ndiye nimekuwa nikiziandika, kwa sababu sikutaka kuwafuta."

Hakuna aliyempigia makofi. Wengine waliguna, na mzee mmoja akatoka nje. Kesho yake Milka alirudisha bakuli la Lorine alilokuwa ameazima, likiwa limeoshwa na kufunikwa, akaliacha mlangoni bila hodi. Kwa wiki mbili majirani hao hawakusalimiana.

"Nilimkasirikia sana," Milka anasema sasa, akipiga kasia bila kugeuka. "Mtoto wangu alikuwa anaumwa, na yeye anahifadhi jina langu kwenye kitabu. Jina halinywi maji."

Lorine anainamisha kichwa.

Mhandisi aliwapa siku thelathini. Kila mita ifutwe kwa fomu yake, mwenye mita atie sahihi, msomaji athibitishe, na orodha iletwe nzima. Kwa mara ya kwanza maishani, Mama Mita alitembea njia ndefu kuliko mji wake. Wengi walikuwa Got Rao, lakini wengine baadaye walikuwa wametawanyika. Maryanne, yule wa hoteli ya chai, Lorine alimkuta Migosi, Kisumu, akiuza mboga mbele ya chumba cha kupanga. Aliweka sahihi, halafu akamshika mkono Lorine, akaomba amtajie majirani wote kwa mpangilio, kuanzia kinu hadi sokoni. Lorine akamtajia.

Griffins alikuwa mgumu. Huyu ni mwanaume wa miaka thelathini na minne anayelima mpunga Ahero, ambaye mama yake bado anaishi Got Rao. Aliisukuma fomu. Alisema akitia sahihi atakuwa amekubali kwamba hawatarudi tena nyumbani. Lorine akaketi kwenye tuta la shamba hadi saa tisa alasiri, akimngoja amalize kupandikiza.

"Nilimwambia, Griffins, ziwa halisomi karatasi. Likitaka kurudi nyuma litarudi, hata ukiwa umetia sahihi mara kumi. Lakini mama yako anakunywa maji ya kinamasi leo."

Alitia sahihi akiwa na matope mkononi. Alama ya kidole chake bado iko kwenye fomu.

Mtumbwi unasimama. Milka anachomeka kasia chini na kuushikilia. Hapa hakuna cha kuona ila gugu maji lililochanua maua ya zambarau na ndege mmoja mweupe juu yake. Lorine anajua. Lango lilikuwa hapa, mita ilikuwa futi mbili kutoka kwenye lango, na nyuma ya nyumba, pale ndege aliposimama, ndipo Joram alipolala.

Mita nambari 37, kwa jina la Joram Oluoch. Ni ya kwanza kabisa ambayo fundi huyo aliiweka mji huu ulipopata bomba, na ameibakiza ya mwisho kwa makusudi. Fomu inamtaka msomaji afike mahali penyewe. Kwa arobaini zingine alifika.

Anaiweka fomu juu ya kitabu, na kitabu juu ya goti. Machozi yanamtiririka wazi, na hayafuti. Ukungu unaanza kupanda juu. Milka anaugeuza uso wake upande mwingine, halafu anasema kwa upole, akimwita binti wa Alego, alikozaliwa, "Nyar Alego, hatakasirika."

"Najua," Lorine anajibu. "Ni mimi ndiye nimekuwa nikikasirika."

Anapiga mstari mwekundu. Anaandika tarehe, anatia sahihi mara mbili, mara moja kama mjane wa mwenye mita na mara moja kama msomaji. Kisha anatumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko, anauacha humo kidogo, anautoa.

Saa tano na nusu wako ofisi ya wadi. Karani anazihesabu fomu, anazipiga muhuri, anasema bajeti itajulikana Juni. Hakuna ahadi. Barua ya kumtaka ajieleze ambayo Lorine aliandikiwa na wakuu wake nayo haijapata uamuzi. Huenda akaonywa, huenda akapoteza kazi. Analosema ni kwamba tangu leo karatasi zinaonyesha familia arobaini na moja zisizo na maji, na hilo ni kweli.

Karani anampa fomu nyingine, ya kuomba kuunganishiwa bomba Got Rao, likifika. Lorine amewajazia wenzake wengi wiki hizi. Yake ilikuwa bado. Anakwama kwenye nafasi ya jina la mwombaji. Mita ya nyumbani kwao ilikuwa ya Joram siku zote, na jina lake yeye limekaa chini ya ukurasa, kwenye mstari wa msomaji. Anaandika LORINE AOKO, polepole, kwa herufi kubwa, hata Milka anamtania kwamba anaandika kama mtoto wa chekechea.

Akiulizwa anatumaini nini, hafikirii sana. Anataka bomba lifike kabla hajastaafu, na mita yake iwekwe karibu na mlango, amkaribishe chai yule atakayekuja kuisoma.

"Na siku nikihama au nikifa," anasema, akifunika kalamu yake, "anifute siku hiyohiyo. Asinionee huruma."