Jambo la Mzee Tweve Halijafika Makambako

Saa mbili asubuhi Lyamkena, mjini Makambako, baridi bado haijaachia. Chai ya Lidia Tweve imepoa mezani na macho yake hayabanduki kwenye kompyuta. Anangoja ujumbe kutoka kwa baba yake. Ameungoja mwezi mzima.

"Leo ukikatika tena nalia," anasema. "Wala sitanii."

Lidia, 33, ni fundi wa redio katika karakana ndogo, na kazi yake ina jina refu: anatunga misimbo ya kusahihisha makosa. Maana yake ni kuzipanga taarifa kwa namna ambayo hata zikiharibika njiani, zikifika ziweze kurekebishwa bila kutumwa upya. Ushirika mmoja wa wakulima umefunga vipimo vya baridi kwenye mashamba ya viazi huko Matamba, wilayani Makete. Vipimo hivyo vinatuma namba kwa redio ndogo za sola, kilima hadi kilima, mpaka hapa. Radi ikipiga, nyuzi sifuri zinafika zikisomeka tisa.

"Mkulima akiambiwa tisa analala zake," anasema Lidia. "Asubuhi anakuta viazi vimeungua kwa baridi."

Mwanzoni alituma kila kitu mara tatu. Zile mbili zilizofanana ndizo zilizoaminiwa. Njia hiyo ilikula nafasi vibaya mno, na betri za sola msimu wa ukungu hazina utajiri huo. Kando ya namba ikabaki nafasi ya maneno machache tu. Lidia akauomba ushirika nafasi hiyo iwe ya baba yake.

Mzee Anyisile Tweve ni mjane anayeishi huko huko Matamba, bondeni ambako simu hazishiki. Zamani alipanda kilimani kupiga. Tangu avunjike mguu hapandi tena, ndipo binti yake akawatuma vijana wa ushirika wamfungie ukutani redio ya kuandikia ujumbe, yenye vitufe kama vya simu ya kitochi, anavyovijua kwa kidole.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mzee hawezi kuanza na jambo. Kwake, mtu hasemi lililomleta kabla hajaiulizia nyumba nzima. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Mwanangu umeamkaje. Mume hajambo. Watoto hawajambo. Sisi tunaendelea. Viazi vimetoka. Sasa kuna jambo." Nafasi ikaishia hapo. Wa pili ukawa hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza na majirani.

"Nikamwandikia, baba, anza na jambo," anasimulia Lidia. "Akajibu, nikuvamie kama mgambo? Halafu akanisalimia upya!"

Fundi mwenzake, Fidelis Mgaya, Mbena wa Uwemba, haachi kumtania yeye Mkinga. "Ninyi Wakinga salamu zenu zitamaliza betri za ushirika!" Lidia anacheka, kisha kicheko kinakatika.

Jirani wa mzee alijitolea kupanda kilimani akampigie Lidia simu. Mzee alikataa, akasema hilo halisemwi kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Sasa mimi nawaza," anasema Lidia. "Ni ugonjwa? Wanagombea shamba? Anataka kuoa? Sijafika nyumbani tangu tumzike mama. Kila nikipanga safari, kazi au mtoto ananishika. Baba yangu namtamani, jamani. Hata kukohoa kwake nakutamani."

Kwa kuwa mzee hapunguzi salamu, binti akaamua kupunguza mzigo wa ulinzi. Anachora karatasini kumwonyesha mwandishi: namba zimepangwa kama mayai kwenye trei, na kila mstari na kila safu vimeandikiwa jumla yake. Namba moja ikiharibika, jumla mbili zinakataa, ya mstari na ya safu, na zinapokutana ndipo penye kosa. Ukitoa na kujumlisha unaipata namba ya kweli. Radi nayo hufuta namba zilizofuatana, kwa hiyo anazitawanya kabla ya kutuma, ili kila trei ipoteze moja tu. Nafasi ya maneno imeongezeka zaidi ya mara mbili, na leo ndiyo mara ya kwanza mzee anaitumia.

Kompyuta inalia. Fidelis anasogeza kiti.

"Herufi nane zimeharibika njiani," Lidia anasoma. "Zote zimesahihishwa."

Kisha ujumbe wenyewe. Umeamkaje. Mume. Watoto. Majirani. "Na yule Mbena msalimie." Fidelis anaguna kwa furaha. Lidia anashuka mstari.

"Sasa lile jambo. Macho yangu yanaondoka. Njoo niione sura yako kabla hayajaisha."

Lidia anausoma tena, safari hii kimya kimya, midomo ikicheza, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta.

Mpango wake wa mwaka huu ulikuwa kuubana msimbo zaidi, ili redio zile zibebe hata sauti, amsikie mzee akizungumza. Bado anautaka. Lakini sasa anazima kompyuta.

"Sauti itasubiri," anasema. "Kesho nashika gari la Njombe, kisha Makete, mpaka Matamba. Nikifika nitakaa mbele yake, mlangoni kwenye mwanga, anitazame mpaka achoke mwenyewe."