Ukinenepa, Utarudi

Vitunguu vikikaangwa mahali penye moshi wa dizeli, mimi huacha ninachofanya. Si kwa njaa. Harufu hizo mbili zikikutana hunirudisha Tunduma ya miaka ya tisini, pembeni mwa barabara ambako malori yalipanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na ambako mama yangu alikuwa na banda la chakula la mbao na mabati. Mwezi wa sita baridi ya pale haina adabu, inaingia mifupani bila hodi. Madereva walishuka wamejifunika mablanketi, wakaja kukaa kwenye mabenchi yetu na kushika vikombe vya chai kwa mikono yote miwili. Mama alipika wali, ugali, maharage, nyama ya ng'ombe na samaki wakavu waliotoka Ziwa Rukwa, na kabichi aliyoikata nyembamba kama nyuzi. Watu wa pande zote mbili za mpaka walikula kwake. Wazambia walimwita bamayo, yaani mama, na waliusifu ugali wake kwa sababu haukuwa na madonge. Mimi niliosha vyombo kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, na kwa umri wangu wa miaka kumi nilijiona mwenye banda kabisa.

Tulikuwa wembamba, mama na mimi, na wembamba wetu ulikuwa wa ukoo. Bibi, mama yake mama, kule milimani Ileje, alikuwa mwembamba mpaka anazikwa, na alipanda vilima na mzigo wa kuni kichwani hadi uzeeni bila kuhema. Tulikula. Naomba nieleweke hapo, maana nimelieleza jambo hili maisha yangu yote na bado watu hunitazama kwa huruma: tulikula, tena chakula cha kuuza, chenye mafuta. Mwili ndio uliokataa kuongezeka. Shuleni wenzangu waliniita kimbaumbau mwiko wa pilau, wakaniita ng'onda, na mwalimu mmoja alizoea kuniambia nishike ukuta upepo ukivuma. Hayo yaliuma kidogo tu, kama utani wa watoto unavyouma, na nikifika nyumbani nilikuwa nimeyasahau. Lakini miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao watu hawakuutaja jina. Walisema fulani amekanyaga miwaya, fulani ana umeme, au walinyamaza tu na kutikisa kichwa. Mji wetu wa mpaka, wenye madereva na nyumba za wageni, ulikuwa umezika watu wengi, na watu walikumbuka kwamba marehemu wote walianza kwa kukonda. Kwa hiyo macho ya watu yalijifunza kupima miili. Mtu alikusalimia, na kabla hujaitikia alikuwa ameshakutazama shingo, mikono na mifupa ya mabega.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alifariki kwa ajali upande wa Zambia nikiwa bado nanyonya, wenzake wakashuhudia, na lori likakaa bondeni miezi mingi kila apitaye analiona. Haikusaidia. Dereva amekufa, mkewe kakonda, mtoto kakonda; watu wakajumlisha wenyewe. Mama peke yake wangeweza kumwacha, kwa sababu mtu mzima hukonda kwa mawazo. Mtoto ndiye aliyeharibu. Siku moja nilipeleka sahani mezani, na dereva aliyekaa pale akanitazama miguu, kisha akamgeukia mwenzake. "Mama na mwana wote?" aliuliza kwa sauti ya chini. Mwenzake akajibu, "Na haka kamtoto ndo kanaosha vyombo." Waliacha chakula, wakaaga kwa heshima kabisa, na hawakurudi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwetu halikuwepo, wala halikuja, ila wateja waliondoka nalo hivyo hivyo. Sufuria zikaanza kurudi nyumbani na chakula nusu. Tukala viporo sisi wawili, asubuhi na jioni, tukashiba mpaka kucheua, na hatukunenepa.

Mama hakuwa mtu wa kulalamika, alikuwa mtu wa kutafuta njia. Alianza kuvaa masweta mawili chini ya gauni, na juu yake akajifunga vitenge kimoja juu ya kingine mpaka kiuno kikaonekana cha mtu mwingine. Baridi ilimpa kisingizio. Lakini alikuwa anapika mbele ya mafiga matatu yanayowaka, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu, na jasho nalo likawa ushahidi, maana wagonjwa, walisema, hutoka jasho. Kwangu hila hiyo haikufaa hata kidogo. Alinivisha sweta juu ya sweta, akanisimamisha katikati ya chumba na kunizunguka. Juu nilikuwa bonge, ila chini ya sketi miguu ilibaki ile ile. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanivua moja baada ya jingine, na mimi nikajiona nimemwangusha.

Dada yake, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa, alikuwa ameolewa Hasamba, kwa wakulima wa kahawa. Binti yake Suzana tulilingana umri, lakini yeye alikuwa ameuchukua mwili wa upande wa baba yake: mashavu yaliyojaa, mikono yenye vifinyo, kicheko cha mtu aliyeshiba. Walikuja kututembelea likizo ya katikati ya mwaka. Suzana akasaidia kugawa sahani, na mteja mmoja aliyekuwa amezoea kutupita siku hizo akakaa, akala, akamwomba amwongezee maharage. Nilimwona mama akiona. Jioni ile yeye na dada yake walizungumza jikoni kwa Kindali, chini chini, na asubuhi nikaambiwa naenda Hasamba kwenye maziwa na maparachichi, naye Suzana atabaki kumsaidia mama. Mama alinifungia nguo zangu kwenye kitenge. "Nenda ukale, Atupele," aliniambia. "Ukinenepa, utarudi." Hakusema kwa ukali. Nililichukua neno lile kama ahadi, nikaapa moyoni kwamba nitakuwa bonge kabla likizo haijaisha.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kula. Asubuhi nilipewa uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, mchana ndizi na maharage, jioni ugali, na katikati ya hayo yote maparachichi niliyoyala kwa kijiko mpaka nikayachukia. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na wanawake waliokuja kuchuma walinigeuza kuwa burudani yao. "Wewe kamtoto, unakula unapeleka wapi?" aliuliza mmoja. Mwingine akasema Tunduma huenda wanakula vumbi la malori. Baba mkubwa akasema nina minyoo, nikanyweshwa dawa ya minyoo. Jirani akaleta majani machungu ya kuchemsha, nikayanywa pia. Kila Jumapili baada ya ibada mama mkubwa aliniita mlangoni, akauzungushia mkono wangu kidole gumba na cha kati, na vidole vyake vikakutana na kupitana. "Bado," alisema, akarudi jikoni. Hakuwa na ubaya wowote. Wiki nyingine nilikula mpaka nikatapika nyuma ya mibuni, nikasukutua mdomo, nikarudi kuomba sahani nyingine. Likizo iliisha. Niliandikishwa shule ya pale, nikapewa dawati, na ndipo nilipoanza kuogopa.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba niliamini. Hakuna aliyeniambia mimi si mgonjwa. Mtoto hujua habari zake kutoka kwenye nyuso za wakubwa, na nyuso zote nilizozijua zilinitazama kama mtu anayeagwa. Nilianza kuwaza kwamba mama amenileta huku nife mbali na banda, ili wateja wasione msiba. Nilikohoa mara moja tu darasani, nikalia mpaka mwalimu akanitoa nje. Watoto wengine waliomba nguo za Krismasi, mimi niliomba mashavu. Nilipiga magoti kila siku na kumwambia Mungu kwamba akiona mashavu ni mengi, basi anipe hata miguu, kwa sababu miguu ndiyo iliyonifukuzisha. Sikupewa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilijihesabu maiti ningali natumwa maji kisimani.

Mwezi wa kumi na mbili mama mkubwa alikuwa na safari ya Tunduma kununua vitenge vinavyotoka Zambia, akanichukua. Sikuwa nimenenepa, lakini nilidhani mama akiniona atalisahau sharti lake. Tulipofika, banda lilikuwa limejaa. Watu walikaa mpaka kwenye ndoo zilizofudikizwa. Mama hakuwa na sweta hata moja. Mikono yake myembamba ilikuwa wazi, na hakuna aliyeitazama, kwa sababu kando yake alisimama Suzana na sinia la vikombe, amenawiri kuliko nilivyomwacha. Mzambia mmoja mnene alikuwa anamsifu. "Bamayo, huyu binti yako unamlisha vizuri. Atakuja kuwa mpishi kama wewe." Mama akacheka. "Asante, baba. Ndiye mwanangu huyu, ndiye niliye naye." Nilikuwa nimeshaanza kukimbia kumwendea. Aliinua macho akaniona, na uso wake ndio ulionisimamisha. Haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu, na aliyemtia hofu ni mimi.

Yule mteja alifuata macho yake. "Na haka?" aliuliza.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Mtoto wa dada yangu," alisema. "Katoka shamba. Amkia wageni, mama."

Nikaamkia. Shikamooni, nilisema, na wageni wakaitikia marahaba, wakarudi kwenye sahani zao, wameridhika kwamba wembamba huu si wa nyumba hii. Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Suzana aliinamia beseni la vyombo. Kwa desturi yetu mtoto wa dada yako ni mwanao, humwiti vinginevyo, kwa hiyo mama aliposema Suzana ni mwanawe hakudanganya, na hata kanisani angeweza kulisema hilo. Uongo ulikuwa kwangu mimi peke yangu. Tena hata huo haukuwa mkubwa, kwa sababu katika ukoo wetu asingeweza kunitupa zaidi ya kwa dada yake. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi na sijaona mwanya wa kumshtaki. Aliniketisha nyuma ya banda, akaniletea sahani ya wali iliyofunikwa na nyama, vipande ambavyo kwa kawaida aliviweka kwa ajili ya wateja wakubwa, akasimama kunitazama. "Kula, mama," alisema. Alikuwa analia na hakuficha. Nikala yote, maana ndiyo kazi niliyokuwa nimetumwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, lakini uchungu wa kukanwa na mzazi ili upate kulishwa sijasikia methali yake.

Nilirudi Hasamba kesho yake na nikamaliza darasa la saba huko huko. Mama alikuja kila Pasaka na viatu, na sabuni yenye manukato, na hatukulizungumza. Banda likapata bati jipya, likapata meza zenye vitambaa. Sare zangu zilitoka kwenye sufuria zile, na ada ya sekondari pia. Laiti angekosea, ningemkasirikia mpaka hasira iishe, nikapumzika. Hakukosea. Wenye mabanda jirani waliosemwa kama sisi, na wasiokuwa na Suzana wa kumsimamisha mbele, walifunga na kuondoka, na sijui watoto wao waliishia wapi.

Sasa mama anaishi nami Chapwa, pembezoni mwa Tunduma, mzee, mwembamba kama bibi, na anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Wengi waliotusema wametangulia mbele ya haki, wanene kwa wembamba. Na dunia imegeuka bila kuniomba radhi. Wanawake wa mtaani kwetu wanaamka alfajiri kukimbia barabarani, wanakunywa tangawizi na ndimu kabla ya chai, na wananiuliza natumia nini. Nikiwajibu situmii kitu wanafikiri nawanyima siri. Suzana, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, hunipigia simu akihema, daktari amemwambia apunguze, naye ananiuliza, "Nifanyeje, dada?" kana kwamba mimi niliwahi kufanya chochote. Kijana mmoja wa duka la nguo aliniambia nina mwili wa kuvaa chochote. Nilimshukuru, nikatoka bila kununua kitu. Ni mwili ule ule. Haujaongezeka wala kupungua kitu cha kusema. Walichobadilisha ni maneno yao tu, na mimi siwezi kubadilisha kile ambacho maneno ya kwanza yalishanifanya.

Jumapili wageni wakija, mama husubiri mtu mmoja anisifu, kisha huniita nikae karibu naye. Hunishika mkono na kuuinua kidogo ili wote wauone. "Huyu nimemzaa mimi," huwaambia. "Mwili huu kautoa kwangu." Wageni hucheka na kukubali kwamba ndiyo, tunafanana, hata asingesema wangejua. Hulisema wazi, kwa fahari, na macho yake hunitafuta ili aone kama nimesikia. Huwa nimesikia. Ninatabasamu, ninamjazia kikombe chake kwanza, kisha cha wageni. Neno hilo nililihitaji siku moja tu maishani, na siku hiyo alimpa Suzana.