Zamu ya Maji ya Mjomba

Mjomba alifungwa kwa kukataa kuchimba matuta ambayo serikali ya Mwingereza iliamuru yachimbwe katika kila shamba la Chome, kwetu milimani. Gerezani akafundishwa kuchimba matuta. Nilipokwenda kumtazama kule Same, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu Kampala, ofisa wa gereza aliniambia kwa fahari kwamba siku za kuponda kokoto zimekwisha. Sasa mfungwa anafunzwa kilimo bora ili arudi kwao akiwa raia mwema.

"Na huko kwao wameambiwa kwamba atarudi raia mwema?" niliuliza.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Jibu bado nalidai.

Mjomba alitoka maharage yakiwa yametoa maua na mvua imekata. Maji ya ndiva, bwawa letu la udongo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, yalipita kando ya shamba lake bila kuingia. Sheria ya ndiva ni kongwe kuliko gereza: nyumba isiyotoa mwanamume kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, haina zamu mpaka ilipe kazi hiyo kwa jembe.

Nilipanda naye hadi ndiva.

"Shikamoo, babu," nilimwamkia mzee msimamizi wa maji.

"Marahaba. Umekuja kuuliza, najua."

"Mjomba hakukwepa msaragambo. Alikuwa kifungoni."

"Huko alichimba?"

"Mpaka mikono ikaota sugu."

"Basi akanywe maji ya huko alikochimba."

Wanaume waliokaa ukingoni wakaangua kicheko. "Msomi," mmoja akasema, "kamwite bwana jela aje atufungulie ndiva!"

Mzee akamwonyesha mjomba kipande cha mfereji kilichojaa tope. Achimbe leo, kesho apate maji.

"Nimechimba kwa amri vya kutosha," mjomba alisema. "Jembe la adhabu sishiki tena, liwe la Mwingereza au lenu."

"Maharage yako yatakufa."

"Yafe."

Hakuwa anatania. Lakini mkewe, aliyeyapanda peke yake, hakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Kwa mila yetu mpwa aweza kuchimba badala ya mjomba wake, kwa hiyo nikavua viatu.

"Sheria hii siikubali, babu. Nachimba ili mke wa mjomba ale. Nikimaliza nitaihoji tena."

"Hoji huku ukichimba. Tope halizibi mdomo."

Nikachimba nikihoji. Kwa nini mtu aadhibiwe mara mbili kwa kosa moja? Yule aliyenitania alishuka mferejini akaanza kuchimba kutoka upande wa pili. Asubuhi maji yakaingia shambani.

Maharage yalipokomaa, ofisa wa gereza alipanda mlima kuja kuona matunda ya mafunzo yake. Akakuta maganda yamejaa, tuta hata moja hakuna.

"Kwani hukujifunza kitu?"

"Nilijifunza, bwana," mjomba alimjibu. "Zamani nilikataa matuta nikiwa siyajui. Sasa nayajua, na bado nakataa."