Nyumba yangu moja ilivyohesabiwa tatu hapa Goma

Wakuu, heshima zenu kutoka Goma.

Hii imenipata mimi mwenyewe. Mke wangu amekaa pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sina nafasi.

Kwa wasiojua mambo ya huku: wengi tunakodi kiwanja kitupu, tunasimamisha juu yake nyumba yetu ya mbao. Mwenye kiwanja akikuchoka, unang'oa misumari, unapakia mbao kwenye chukudu, lile baiskeli la mti la kusukuma, unaenda kupigilia kwingine.

Yangu ilianzia mtaa wa Ndosho. Vyumba vitatu na sebule, mlango wa kijani. Nilijiona bwana mkubwa kabisa.

Akaja kijana wa takwimu, kizibao kinang'aa. Kazi yake ni kupita mitaani kila baada ya miezi kadhaa kupima thamani ya ujenzi, ijulikane kama unapanda au unashuka. Akaandika: nyumba mpya. Sawa, kweli ilikuwa mpya.

Baadaye mwenye kiwanja akataka kujenga ya matofali. Tukahamia Mabanga.

Sasa mbao ukiing'oa inapasuka miisho, na fundi lazima aikate. Chumba kimoja kikaishia hapo.

Kijana yule yule akatokea. (Kwa Kiswahili cha huku, "njo" ni ndiyo, na "kutumika" ni kufanya kazi.)

"Papa, hii nyumba iko mupya?"

"Hapana, njo ile ya Ndosho. Haujue ule mulango?"

"Fundi alitumika hapa?"

"Alitumika."

"Basi ni ujenzi wa mupya."

Akauliza bei ya mbao sokoni. Ilikuwa imepanda. Kwa hesabu yake, nyumba iliyopungua chumba ikawa na thamani kubwa kuliko ile nzima! Nilicheka mpaka nikamkaribisha chai.

Kicheko kiliniisha siku redio iliposema Mabanga inajengwa kwa kasi.

Kasi gani? Ni mimi, wakuu! Mimi na wenzangu wenye nyumba za kutembea.

Mwenye kiwanja cha Mabanga, muzee mmoja anayelala na redio sikioni, akaja asubuhi. "Mutaa inapanda. Mutafute fasi ingine, nitajenga."

Nikamweleza kwamba huo ujenzi ni nyumba yangu hii hii. Akaniangalia kama mgonjwa wa malaria. "Redio njo inasema," akajibu, akaondoka.

Iliniuma sana. Binti yetu Neema alikuwa ndiyo kwanza ameizoea shule ya pale.

Tukaenda Murara. Chumba kingine kikakatwa. Leo tuna chumba kimoja na sebule, watoto wanalala miguu ikiwa chini ya meza.

Juzi kijana karudi. Safari hii hakuna chai.

Nikamwambia: andika ni ile ile, tena imepungua, la sivyo hata hapa tutafukuzwa. Akajikuna kichwa. Eti kwake kuna majibu mawili tu: nyumba imejengwa, au nyumba haiko.

"Andika haiko!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Mama Neema akatokeza mlangoni na ndoo mkononi.

"Aandike mupya," akasema. "Ata kwa karatasi, tukuwe na manyumba tatu."

Kijana akacheka. Mke wangu hakucheka. Akaingia ndani, akaanza kukunja magodoro ili tupate pa kupita.

Kijana akaandika nyumba mpya, akaaga kwa adabu.

Nilichojifunza: ukisikia mtaa wenu unakua, kabla hujashangilia uliza wenye mtaa wanalala wapi.

Wataalamu wa takwimu mliomo humu, karibuni mnirekebishe, hata kwa matusi kidogo. Na mwenye kiwanja popote Goma aniandikie haraka, maana jana nimemkuta mwenye kiwanja chetu cha Murara anapima kwa kamba, kuanzia mlangoni kwangu.