Kisu Kilikuwa Butu

Baba yangu alikuwa mchinjaji. Kazi hiyo aliifanya machinjioni Vingunguti kwa miaka mingi, na alipostaafu akawa anawachinjia watu wa mtaani kwetu, huku Temeke. Harusi, akika, hitima, sikukuu, hakuna shughuli iliyopita bila yeye kufuatwa. Alikuja mjini kutoka Kusini bila ndugu wala shamba la kurudia, na heshima aliyoipata hapa aliipata kwa mkono wake wa kulia.

Visu vyake vilikuwa vinne, vimefungwa katika kipande cha turubai. Kirefu kilikuwa cha kuchinjia, viwili vifupi vya kuchunia ngozi, na kimoja kizito cha kuvunjia mifupa. Hivyo havikuguswa kwa kazi ya jikoni, hata kukata kitunguu. Mama alikuwa na kisu chake cha jikoni chenye mpini wa plastiki, na baba alikidharau waziwazi, akisema kile ni kijiko kilichokosa adabu. Tulikatazwa kupeana kisu mkono kwa mkono, maana eti huleta ugomvi. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota. Wanangu nimewalea hivyohivyo, ingawa sijui kama naamini.

Ulikuja msimu ambao watu walikuwa wakikabwa mtaani kwetu na kunyang'anywa simu, na jirani mmoja akachomwa kisu cha mbavu akafa. Vijana wa ulinzi wakaja kwa baba kuazima visu. Aliwakatalia, akawaambia kisu anachokitajia jina la Mungu hakiendi kumtisha binadamu. Waliondoka wakimsonya, lakini kesho yake walimwamkia shikamoo kama kawaida.

Mnoaji nilikuwa mimi. Kazi hiyo ilipaswa kuwa ya kaka yangu, ila yeye hakuwa na subira na kinoo; moyo wake ulikuwa kwenye cherehani, na alipokuwa mkubwa akafungua kibanda chake cha ushonaji. Baba alinifundisha nikiwa darasa la tano. Maji kidogo, kisu kilazwe, usikandamize, sikiliza. Kisu kikishika makali sauti yake hubadilika. Nikimaliza alikipitisha juu ya vinyweleo vya mkono wake wa kushoto, na vikikatika bila kuvutwa alisema, "Haya." Baba hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo, na ile "haya" nilijivunia kuliko cheti changu cha ualimu.

Kuchinja kuna sheria zake. Mnyama asione kisu kikinolewa, aelekezwe kibla, jina la Mungu litajwe, kisha kisu kipite hadi koo na mishipa ikatike, bila kunyanyuliwa. Masheikh nimewasikia wakibishana, wengine wakisema ukikinyanyua na kukirudisha papo hapo hakuna neno. Mtaa wetu haukuwa na nafasi ya mabishano hayo. Kwetu sisi kisu kikinyanyuka katikati, nyama ni kibudu na hailiwi.

Shida ya mkono wa baba niliiona kwanza kwenye chai. Kikombe kiligonga kisosi, kikagonga tena, halafu baba akaanza kunywa kwa mikono miwili. Alisema ni baridi, na tulikuwa kwenye joto lile la Dar linalomfanya mtu alale sakafuni. Siku moja alipokijaribu kisu juu ya mkono wake akajichana, mchano mdogo tu. Akaniangalia. Nami nikainamia kinoo. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi ni mtu wa maneno mengi, nyumbani wananiita redio, lakini siku hiyo redio iliisha betri. Nilimpenda baba na nilimwogopa. Kumwambia aache kuchinja niliona ni sawa na kumwambia akae ndani asubiri kufa.

Basi ikafika hitima ya yule jirani aliyechomwa kisu, siku ya arobaini. Mbuzi wawili walifungwa uani kwa mjane. Wa kwanza alichinjwa vizuri. Kwa wa pili mkono wa baba uliruka, kisu kikatoka shingoni, mbuzi akafurukuta akainuka na damu yake, akaenda hatua tatu nne kabla hajakamatwa na kumaliziwa. Mzee mmoja wa msikitini akatikisa kichwa, akasema huyo hafai, afukiwe. Baba alikuwa bado amesimama na kisu, na niliona macho ya watu yakianza kushuka kutoka usoni mwake kwenda kwenye mkono.

Nilikuwa upande wa wanawake, kwenye masufuria. Sikumbuki nilivyopita katikati ya wanaume. Nakumbuka nilisema kwa sauti ya darasani, kila mtu asikie.

"Kisu kilikuwa butu. Nimekinoa mie, jana nilikuwa na haraka."

Watu walipumua, maana lawama zilikuwa zimepata pa kukaa. Mzee yule aliuliza tangu lini kisu cha kuchinjia kikanolewa na mwanamke. Nyuma yangu mama mmoja alinong'ona kwamba labda niko kwenye siku zangu. Nilimeza yote. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu mbele za watu, na nilijiona shujaa.

Njiani kurudi nyumbani alianza kunigombeza. Mara ngapi amenionya nisinoe kwa pupa? Nikadhani anaigiza kwa ajili ya wapita njia, nikainamisha kichwa nimsaidie kuigiza. Tulipoingia ndani na kufunga mlango, aliendelea. Alisema nimemtia aibu mbele ya marehemu. Akachukua kinoo changu akakiweka juu ya kabati, na tangu wiki hiyo visu vyake vikawa vinanolewa na yule fundi anayepita mitaani na baiskeli, anayekanyaga pedali jiwe likazunguka.

Hadi leo sijui kama baba aliuamini uongo wangu au aliamua kuuamini. Najua tu kwamba niliumia. Kisu kilikuwa kimefika mfupani. Ningeweza kumfuata siku yoyote nikamwambia, baba, kisu kilikuwa sawa, mkono ndio mgonjwa, twende hospitali. Ningeweza kumwambia kaka. Sikufanya hivyo, na sasa si kwa woga tena, ni kwa hasira. Nilisema moyoni, haya, si amempata fundi wake, tuone. Kwa muda mrefu sikumkiria mtu neno hilo, tuone, na kila nikilikumbuka nafsi yangu inanichukiza.

Miezi miwili baadaye kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na ng'ombe wa kuchinjwa asubuhi. Kaka alifunga kibanda chake ili akashike kichwa, kama alivyozoea kumshikia baba tangu ujana wake. Yeye alishika pembe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akalivuta taya nyuma ili shingo inyooke. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namenya vitunguu saumu. Nilisikia bismillahi ya baba, kisha nikasikia sauti ya kaka, na haikuwa sauti niliyowahi kuisikia kwake.

Fundi wa baiskeli alikuwa amekinoa kisu vizuri, hata mimi nisingekinoa zaidi. Kilikata shingo ya ng'ombe na kikapitiliza kwenye mkono wa kulia wa kaka, chini ya kidole gumba. Hakikunyanyuliwa. Waliobaki walikubaliana kwamba ng'ombe amechinjika sawasawa, na nyama yake ikapikwa na kuliwa wakati sisi tuko kwenye bajaji, kitenge changu kimefungwa kwenye mkono wa kaka na hakizuii kitu.

Hospitali walishona. Daktari alieleza taratibu, kwa huruma, kwamba ile kano inayokikunja kidole imekatika na imeungwa, lakini kidole hakitarudi kuwa kile cha zamani. Hakikurudi. Kaka hawezi kushika mkasi wala kuongoza kitambaa chini ya sindano. Baba alivikunja visu vyake kwenye turubai na kuniwekea miguuni. Sasa anashinda sebuleni, mkono ameukalia ili usionekane.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa kaka asubuhi, kabla ya shule. Mkewe alikuwa ametoka, nikamkuta anahangaika na vifungo vya shati, nikaanza kumfungia. Nadhani nilikuwa na uso mbaya, maana yeye ndiye aliyeanza kunibembeleza mimi.

"Usimkasirikie mzee," alisema. "Ni bahati mbaya tu. Mkono wake ulikuwaga mzima. Hata siku ile ya mbuzi kosa lilikuwa la kisu, si ulisema mwenyewe? Ningejua mkono una shida, ningeweka wangu pale?"

Nilikuwa nimeshika kifungo cha tatu. Nikamwambia. Nilimwambia kisu kilikuwa kikali siku ile, kwamba mkono nilikuwa nimeuona kabla ya hitima, kwamba nilinyamaza mara ya kwanza kwa ajili ya baba na mara ya pili kwa sababu nilikuwa nimenuna. Nilisema yote, na yalikuwa machache kuliko nilivyodhani.

Kaka hakupandisha sauti. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua. Nikamwambia hakuna, ni mimi peke yangu. Akautoa mkono wangu kwenye shati lake, akanigeuzia mgongo, akaendelea kufunga vifungo vilivyobaki kwa mkono wa kushoto. Kila kimoja kilimchukua muda mrefu. Nilisimama pale hadi akamaliza, na nilipomuaga hakuitika.