Ngamia Mmoja Mara Saba

Kwa miezi mitatu nilikuwa nimelitumia lile zoezi la kuhesabu bila kulitazama. Jambo hili nimelifikiria mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila nikilifikiria naanzia hapo: nilikuwa na macho, nilikuwa na shahada, na sikutazama.

Shule ilikuwa Bura, upande wa Fafi, na kazi yangu ilikuwa kuwasaidia walimu kufundisha kwa vishikwambi. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Nimelelewa Galbet, mjini Garissa, kwa hivyo Kisomali nakijua vizuri lakini ngamia nawajua kwa maziwa tu, nayo yalitufikia nyumbani kwenye mtungi wa plastiki. Kila asubuhi nilivitoa vishikwambi kwenye kabati la chuma, nikavipangusa vumbi, nikavihesabu, halafu nikavihesabu tena kwa sababu sikuwa na hakika kwamba mara ya kwanza nilikuwa makini.

Asubuhi moja mzee mmoja alimleta mtoto wa ndugu yake, msichana wa miaka kumi na mmoja hivi, ambaye hakuwa amewahi kuingia shule. Walitoka malishoni na lori lingewarudisha, au lingemrudisha mzee peke yake, baada ya swala ya adhuhuri. Hilo ndilo lililokuwa likiamuliwa.

Mzee alimweleza mwalimu mkuu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu, hii mtoto ni kubwa. Usiweke yeye na watoto ndogo, wale wa kulia-lia. Ukiweka huko, mimi narudi na yeye kwa ngamia. Huko iko na kazi."

Mwalimu mkuu alikuwa mama aliyetoka Meru na kuzeeka kazini hapa kwetu. Hakupenda kubishana. "Hapa hatumpangi mtoto kwa urefu," alisema. "Kuna kipimo. Akifika kiwango cha gredi ya tatu, atakaa gredi ya tatu. Asipofika, ataanza chini kama wengine." Kisha akanigeukia. "Mtu wa kompyuta, mpe kipimo."

Tulikaa watatu kwenye chumba cha vitabu. Nilimwita mzee Adeer, kama tunavyowaita wanaume wa rika la baba zetu, nikamuuliza kwa Kisomali kama mtoto anazijua tarakimu.

"Ndiye anayenipigia simu," alisema. "Mimi macho yameisha. Namtajia namba, anabonyeza. Hajakosea hata siku moja."

Niliridhika. Nikamwekea msichana kishikwambi mapajani. Picha ya kwanza ya lile zoezi ilikuwa ya ngamia saba chini ya mgunga, na chini yake visanduku vya tarakimu, moja hadi kumi. Sauti iliuliza kwa Kiswahili, nami nikatafsiri: ngamia ni wangapi?

Aliwatazama. Akacheka kidogo, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akabonyeza moja.

Kishikwambi kilitoa mlio wa huzuni na alama nyekundu. Ikaja picha ya ngamia wanne. Safari hii alikitazama muda mrefu, akakiinamisha huku na huku kama anayetafuta kitu nyuma ya kioo. Akabonyeza moja. Wakaja mbuzi tisa. Moja. Baada ya mbuzi, kifaa kiliacha kuuliza kikaandika matokeo: Awali. Maana yake ni darasa la watoto wa miaka minne.

Sikuwaonyesha. Nilisema nahitaji kurekebisha kitu kidogo, nikatoka nacho nje, nikaanza kufanya ninachofanya siku zote, yaani kutafuta kosa langu. Labda kioo kilikuwa na vumbi na hakikupokea kidole isipokuwa upande wa kushoto. Nilikipangusa, nikabonyeza tarakimu zote, zote zikaitika. Labda nilitafsiri vibaya. Nilijirudia maneno yangu kwa sauti, na mlinzi wa lango akanitazama. Labda msichana aliogopa. Lakini mtu mwenye hofu hacheki. Na mtoto anayejua kupiga simu kwa kutajiwa namba anazijua tarakimu. Sasa hiyo moja ilitoka wapi?

Nilitembea hadi kwenye tangi la maji na kurudi mara tatu kabla wazo lililo rahisi kuliko yote halijanijia: kumuuliza mwenyewe.

Nilirudi ndani, nikaifungua tena ile picha ya kwanza. "Walaal, ndugu yangu," nikamwambia, "hapa kwa nini ulisema moja?"

Alinitazama kwa mshangao, kisha akamtazama ami yake, kama anayeomba ruhusa ya kumfundisha mtu mzima.

"Kwa sababu ni huyu huyu," alisema. "Tazama sikio."

Nikatazama. Sikio la kushoto la ngamia wa kwanza lilikuwa na mkato mdogo. La wa pili pia. La wa tatu pia.

"Na nywele za nundu zimelala upande mmoja. Na huu mguu ameuinua." Kidole chake kilitembea kutoka ngamia hadi ngamia. "Mmemsimamisha mara saba. Yeye ni mmoja."

Nilikuza picha kwa vidole viwili mpaka ngamia mmoja akajaa kiooni, nikamsogeza, nikamleta mwenzake. Mkato ule ule. Hata kivuli kilikuwa kimoja. Aliyetengeneza zoezi alikuwa na picha moja tu ya ngamia, akainakili, nami nilikuwa nimewaonyesha watoto wote wa gredi ya kwanza kwa miezi mitatu.

"Macallin hakuona?" mzee aliuliza, akiniita mwalimu kwa Kisomali.

"Sikuona, Adeer."

"Umezaliwa wapi?"

"Galbet."

"Aa." Aligonga goti lake kwa furaha. "Msomali wa mtungi!"

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na kumweleza yote, haraka haraka, kwa mpangilio mbovu. Alisikiliza akiwa anasahihisha madaftari.

"Kwa hivyo unataka nifute matokeo kwa sababu ya sikio?"

"Nataka apimwe tena kwa picha za kweli."

"Na wewe ndiye utakayezipiga, na wewe ndiye utakayeweka jibu."

Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo nikija. Kama nikibadilisha mtihani kwa ajili ya mtoto mmoja, huo ni uadilifu au ni upendeleo? Na kama nisipoubadilisha? Mwalimu mkuu aliona uso wangu, akaweka kalamu chini. "Nenda. Lakini jibu nitalikagua mimi."

Nyuma ya uzio wa shule kuna mabirika ya kunyweshea mifugo. Ngamia walikuwapo, na mama mmoja alikuwa akiwasimamia kwa fimbo. Nilipoinua kishikwambi alinifokea.

"Wewe! Unawapiga picha wanangu umeona nini? Unawauza?"

"Hapana, Eeddo," nilisema, nikimwita shangazi. "Ni za mtihani."

"Ngamia wangu wafanye mtihani?" Alicheka hadi akaegemea fimbo. "Haya, wapige. Lakini sema mashallah kwanza, usije ukawatia jicho."

Nilisema mashallah, nikapiga. Kishikwambi kilikuwa na sehemu ya mwalimu kutengeneza mazoezi yake mwenyewe, sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuifungua, hata mimi. Niliketi chini ya uzio nikaingiza picha. Nikahesabu: tisa. Nikahesabu tena: tisa. Nikaandika jibu sahihi: tisa. Adhana ilikuwa karibu.

Msichana alipoiona picha uso wake ulibadilika. Aliinama juu yake, midomo ikicheza. Akabonyeza kumi.

Mlio wa huzuni. Alama nyekundu.

Sijui kama nimewahi kujisikia vibaya namna ile. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni na ameona. Msichana hakusononeka. Alikasirika. Aligonga kioo kwa ukucha, mahali ambapo ngamia mmoja mwekundu alifunika birika.

"Yuko ndama nyuma ya mama yake," alisema. "Anakunywa."

Nilitafsiri. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akachukua kishikwambi, akasogea dirishani. Hakutafuta nundu wala vichwa. Alihesabu miguu ya yule mwekundu. "Minne," alisema, halafu akakisogeza karibu na miwani. "Na mingine miwili. Myembamba." Akanirudishia. "Mtu wa kompyuta, jibu lako ndilo baya."

Baada ya hapo alimuuliza mwenyewe, kwa mdomo, nami nikitafsiri. Ngamia ishirini na wanne wakinywa wanne wanne, zamu ni ngapi? Sita, alisema kabla sijamaliza sentensi. Kondoo hamsini, kumi na saba wakabaki nyuma, wangapi wamefika? Hapo alifikiri, akasema thelathini na tatu, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyekwenda kuwatafuta wale waliobaki.

"Gredi ya tatu," mwalimu mkuu aliandika. "Kusoma atafundishwa mchana, peke yake, mpaka awafikie wenzake."

Mzee aliomba aione picha. Alikishika kishikwambi mbali na macho yake, akakisogeza, akakunja uso. "Huyu wa pembeni ana upele. Mwambie mwenyewe amtibu." Kisha adhana ikasikika, naye akasimama. Alimwambia msichana maneno machache ambayo sikuyasikia, akaenda msikitini, na lori lilipoondoka yeye alikuwa juu yake peke yake.

Alasiri niliingia gredi ya kwanza na ile picha ya zamani, kwa kuwa swali moja lilikuwa limenikaba. Watoto wale walikuwa wakipata saba kila siku. Niliuliza: ngamia ni wangapi? "Saba!" wakaitika pamoja. Niliuliza tena, taratibu, kama ni saba kweli. Wakatazamana. Kisha mmoja wa mstari wa mbele akanihurumia.

"Ni mmoja, macallin. Lakini hiki kinataka saba."

Nilikifunga kishikwambi. Siku iliyofuata, kabla ya kengele, yule msichana alikuwa tayari ananingoja kwenye kabati la chuma, sare ikimpwaya mabegani. Tulikwenda pamoja kwenye mabirika kupiga picha mpya. Yeye alihesabu, mimi nikaandika majibu.